1973: mwaka tulioanza kuchimba mvuke na kuachilia matatu

Kuna namba moja ambayo kila kiongozi wetu akipanda ndege kwenda mkutano wa tabianchi huibeba kama mkoba wa safari: karibu asilimia 90 ya stima ya Kenya inatoka kwa vyanzo safi. Mvuke wa ardhini, maji, upepo, jua. Namba yenyewe ni ya kweli na sina shida nayo. Shida yangu ni ile stori inayoambatana nayo, ati sisi tuliipenda dunia mapema, tukaamua kuiokoa kabla wengine hawajaamka. Zii. Hiyo si historia.

Historia ni kwamba tuliogopa bili. Tuliogopa bili ya mafuta, halafu tukaogopa ukame, halafu tukaogopa bili ya mafuta tena. Na nikiisoma hivyo naipenda zaidi, kwa sababu mtu akifanya kitu kizuri kwa kuogopa bili, unaweza kumrudia na bili nyingine umwambie, haya, fanya tena. Na kuna bili moja kubwa ambayo bado hatujaigusa. Wewe unailipa kila asubuhi ukishaketi kwa kiti cha matatu na konda anagonga sarafu.

Wacha nianze mbali kidogo, kwa mvuke.

Olkaria ni neno la Kimaasai, la ule udongo mwekundu ambao morani hujipaka. Sehemu yenyewe iko kusini mwa Ziwa Naivasha, na kama umewahi kuendesha baiskeli Hell's Gate na wasee wako basi unaijua: mabomba makubwa ya rangi ya fedha yanapita juu ya kichaka, nyuma ya twiga kuna wingu jeupe linapanda, na hewa inanuka kidogo kama yai lililooza. Watu hupiga picha wakisema ni moshi wa kiwanda. Ule si moshi, ni mvuke.

Huo mvuke ulijulikana kabla mtu yeyote hajafikiria stima. Ng'ambo ya ziwa, kwenye milima ya Eburru, watu waliukinga unapotoka kwa nyufa za ardhi, ukapoa, ukageuka maji, wakatumia nyumbani. Pale hakuna mito ya maana, kwa hivyo walikunywa pumzi ya mlima. Masetla wakaja wakautumia kukaushia pareto. Kwa hivyo mtu akikuambia jotoardhi "iligunduliwa" Kenya na wataalamu fulani, muulize iligunduliwa na nani kwanza.

Stima ya mvuke ndiyo ilianzia kwingine. Mwaka wa 1904, pale Larderello, Italia, bwana mmoja kwa jina Piero Ginori Conti alitumia mvuke wa ardhini kuwasha balbu 5. Balbu 5 tu. Kufikia 1913 hapo Larderello pakawa na kituo cha kuuza umeme. Mwaka huo huo wa 1904, huku kwetu, Waingereza waliwafanya Wamaasai wakubali mkataba wa kuondoka Naivasha na sehemu nyingine za Bonde la Ufa ili masetla wapate ardhi karibu na reli. Shikilia hilo, tutalirudia.

Afrika yenyewe haikukaa nyuma sana. Mwaka wa 1952, Katanga, Kongo ikiwa bado chini ya Wabelgiji, kulijengwa kituo kidogo cha jotoardhi pale Kiabukwa. Kilikuwa kidogo kwelikweli, hakikufika hata nusu megawati, na hakikudumu. Lakini kilitutangulia. Sisi tulianza kuchimba Olkaria mwaka wa 1956. Visima viwili, kazi ikaenda hadi 1959, mvuke wa kutumika haukupatikana, watu wakafunga vifaa wakaenda nyumbani.

Hapa ndipo napenda kusimama. Mvuke ulikuwa chini pale pale. Bado uko. Kwa nini waliacha baada ya visima viwili? Maoni yangu ni kwamba hawakuwa na haraka. Bwawa la Owen Falls pale Jinja lilikuwa limefunguliwa 1954, na nyaya za kuleta stima ya Uganda Nairobi zilikuwa njiani. Mafuta yalikuwa bei ya kutupa. Mwaka wa 1963 tukafungua kiwanda cha kusafishia mafuta Changamwe, na ukiwa na kiwanda chako mwenyewe na pipa linauzwa dola chache tu, nani atahangaika kutoboa mlima kilomita mbili kwenda chini akitafuta mvuke ambao labda hautatoka?

Halafu ikaja Oktoba 1973.

Vita vilizuka kati ya Israeli na majirani zake, Misri na Syria. Nchi za Kiarabu zinazouza mafuta zikafunga mfereji kwa Marekani na wenzake, na bei ikapaa dunia nzima. Pipa lililokuwa kama dola 3 likakaribia dola 12 mwanzoni mwa 1974. Fikiria petroli ya leo izidishwe mara nne ndani ya miezi michache. Nchi changa kama Kenya, inayouza kahawa na chai ili inunue mafuta, iliumia vibaya.

Sitaki kukudanganya kwamba mafuta ndiyo yalianzisha Olkaria. Serikali na shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, walikuwa wamerudi kuchunguza pale tangu 1970, na mtambo wa kuchimba visima vya kina ulianza kazi 1973, mwaka ule ule. Lakini kuna tofauti kati ya mradi unaoanza na mradi unaoishi. Ule wa 1956 ulikufa kwa sababu mafuta yalikuwa rahisi. Huu wa 1973 ulikutana na mafuta ghali, na safari hii hakuna aliyefunga vifaa. Kufikia 1976 visima sita vya kina vilikuwa vimechimbwa na hesabu ikaonyesha inalipa. Mwaka wa 1981 mashine ya kwanza ya megawati 15 ikawashwa, ya pili 1982, ya tatu 1985. Jumla megawati 45. Hiyo ndiyo Olkaria I, na ndiyo sababu nchi nyingi za Afrika zikitaka kujifunza jotoardhi huja Naivasha.

Inafanyaje kazi? Simple tu. Bonde la Ufa ni mahali ambapo ganda la dunia linapasuka polepole, kwa hivyo ule moto wa chini uko karibu kuliko kwingine. Unachimba kilomita mbili au tatu, unakuta maji yaliyonaswa kwenye miamba moto sana, yanaruka juu yakiwa mvuke na maji pamoja. Unavitenganisha. Mvuke unazungusha turbini, maji unayarudisha chini kwa kisima kingine. Hakuna meli ya mafuta, hakuna kuomba mvua. Usiku na mchana, Krismasi na Idd, ile kitu inazunguka.

Sasa rudi 1973 na uangalie upande wa barabara.

Nairobi wakati huo kampuni moja ya mabasi, KBS, ilikuwa na haki ya kubeba abiria mjini tangu miaka ya 1930. Lakini mji ulikuwa umefura, mabasi hayakutosha mitaa ya watu wa kawaida, na watu wenye magari yaliyochoka walikuwa wanabeba abiria kimagendo kwa senti thelathini. Neno matatu linatoka hapo, kwa Kikuyu, sarafu tatu za senti kumi. Polisi walikuwa wanawakimbiza. Mwaka wa 1973 Rais Jomo Kenyatta akatoa amri kwamba matatu ziruhusiwe kubeba watu bila zile leseni za usafiri. Mwaka huo huo! Petroli inapanda mara nne, na sisi tunakabidhi usafiri wa mji kwa maelfu ya magari madogo yanayokunywa petroli.

Silaumu ile amri. Watu walikuwa wanatembea kwa miguu kutoka Kawangware hadi Industrial Area, na matatu ziliwabeba wakati serikali haikuweza. Bila hiyo amri hatungekuwa na michoro, muziki, wala nusu ya Sheng tunayoongea. Ninachosema ni kwamba kuanzia mwaka huo nchi ilishika njia mbili. Stima ikaanza kuyakimbia mafuta, na usafiri ukayakimbilia.

Upande wa stima pia haukunyooka. Kabla mvuke haujakua, tuliegemea Mto Tana. Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988, bwawa juu ya bwawa kwenye mto mmoja. Ni stima safi, ndio, lakini umeweka mayai yote kwa kikapu kimoja na kikapu chenyewe kinategemea mvua. Mwaka wa 1999 na 2000 mvua ilikataa. Uliza mzazi wako kuhusu mgao wa stima wa mwaka 2000, ule wa kuzimiwa kwa ratiba, masaa na masaa kila siku. Vinyozi walirudi kwa mkasi. Viwanda vilifunga mapema. Serikali ikakodisha jenereta za dizeli kwa bei ya dharura, na tangu hapo dizeli haijawahi kutoka kabisa kwenye bili yetu. Usipoamini, siku utakayonunua tokeni isome ile meseji hadi mwisho. Kuna laini ya gharama ya mafuta. Ukame ukikaza, hiyo laini inanenepa.

Hiyo dharura ndiyo iliturudisha Olkaria kwa nguvu. Olkaria II ikaja 2003. Kampuni binafsi ikaanza kuzalisha Olkaria III kuanzia 2000. Halafu 2008 serikali ikaunda kampuni ya kuendeleza jotoardhi, GDC, na hapa wacha niisifu serikali, jambo ambalo silifanyi mara nyingi. Kisima kimoja kinagharimu mamilioni ya dola, na unaweza kuchimba ukakuta mwamba mkavu. Hakuna benki inapenda hiyo kamari. Kwa hivyo serikali ikasema, sisi tutabeba hasara ya kuchimba, mvuke ukipatikana mwekezaji aje na mashine yake. Hakuna mtu aliyetrend kwa sababu ya huo uamuzi, lakini ndio uamuzi wa kikubwa. Olkaria IV na mashine mpya za Olkaria I zikaleta kama megawati 280 kati ya 2014 na 2015. Olkaria V ikafuata 2019. Leo jotoardhi yetu imepita megawati 900 na inatoa kama asilimia 40 ya stima unayotumia. Ukichaji simu usiku huu, kuna uwezekano mkubwa ni mlima unaichaji.

Lakini nani analala karibu na mlima?

Nilikuambia ushikilie 1904. Wamaasai waliohamishwa kupisha masetla hawakutoweka. Familia zilirudi, nyingine zilibaki pembeni, wakachunga kule kwenye mabonde ya Olkaria. Mwaka wa 1984 Hell's Gate ikafanywa mbuga ya taifa, malisho yakapungua. Mwaka wa 2014, ili kupisha Olkaria IV, vijiji vinne vilihamishiwa sehemu mpya. Walijengewa nyumba za mawe zaidi ya 150, shule, na kituo cha afya. Kwa karatasi inaonekana poa. Lakini wakazi walipeleka malalamiko hadi Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, waliokuwa wamekopesha mradi: kwamba kuna familia zilizoachwa nje ya orodha, kwamba ardhi yenyewe ni ya mabonde na makorongo, kwamba barabara ni mbovu na mapato ya watalii wameyaacha nyuma. Wakaguzi wa Benki ya Dunia wakakubali kwamba kuna mambo hayakufanywa inavyotakiwa, na ikabidi pande zote zikae kwa upatanishi.

Mara tatu, basi. Mara ya kwanza ilikuwa reli na masetla, ya pili wanyama, ya tatu stima safi. Sababu zinabadilika na zinazidi kusikika vizuri, lakini anayefunga mizigo ni yule yule. Kama wewe ni mtu wa mazingira na hii sehemu haikusumbui, sijui tunaongea kuhusu mazingira ya nani.

Na si Olkaria pekee. Pale Loiyangalani, Marsabit, kuna turbini 365 za upepo, megawati 310. Zilisimamishwa zote kufikia 2017, zikakaa mwaka mzima na zaidi zikitazama jangwa, kwa sababu laini ya kuleta stima Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikuwa haijaisha. Iliunganishwa Septemba 2018, na serikali ililazimika kulipa mabilioni ya shilingi kwa stima ambayo haikufika. Halafu Oktoba 2021 mahakama ya ardhi ikasema hati za zile ekari 150,000 hazikupatikana kisheria, kwa kuwa ardhi ya jamii ilitolewa bila jamii kushirikishwa. Upepo ni wa bure, bana, lakini mahali pa kusimama kuukamata pana wenyewe.

Lamu ndiyo stori ya kinyume, na naitaja haraka kwa sababu inajulikana. Kulikuwa na mpango wa kujenga kituo cha makaa ya mawe cha megawati 1,050, wakati nchi nzima ilikuwa haifiki megawati 2,000 saa ya kilele. Wavuvi, wazee na vijana wa Lamu walienda mahakama ya mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa, sababu kubwa ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa vya kutosha. Kwa hivyo ukisikia ile asilimia 90 ikitajwa kwa jukwaa, ujue kuna watu wa kisiwani walioilinda, na hawakualikwa kwa hilo jukwaa.

Turudi barabarani, tuone ile njia ya pili imefika wapi.

Reli yetu ilianza na kuni. Ile miti mirefu tunaita blugam ililetwa mwanzoni mwa karne iliyopita kwa sababu injini zilikuwa zinamaliza misitu. Baadaye mafuta mazito yakachukua nafasi. Nenda makumbusho ya reli Nairobi uone yale madubwana ya miaka ya hamsini yaliyopewa majina ya milima. Halafu dizeli. Matatu zikaongezeka. Mwaka wa 2008 serikali ikaondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo, na nduthi zikafurika kila kona, kutoka Busia hadi Kilifi. Ajira kwa vijana, kweli kabisa, na tena kila moja na tangi lake la petroli.

Kwa hivyo mafuta yakitikisika, sisi ndio tunatikisika. Julai 2023 VAT ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Oktoba mwaka huo lita ya petroli Nairobi ilifika shilingi 217.36. Nauli ikapanda, sukuma ikapanda kwa sababu inakuja na lori, na mtu wa nduthi akabaki katikati akitukanwa na abiria kwa bei ambayo si yeye aliipanga. Hiyo ndiyo Oktoba 1973 yetu. Tofauti ni kwamba miaka hamsini iliyopita mtu mmoja serikalini alijibu kwa kuchimba. Sisi tulijibu kwa kulalamika, halafu tukazoea.

Na kitu kinachouma ni kwamba jibu liko, na linapotea kila usiku. Jioni, watu wakirudi nyumbani, nchi sasa hutumia zaidi ya megawati 2,300. Saa nane usiku inashuka karibu nusu. Lakini kisima cha mvuke si bomba la sinki. Huwezi kukifungua na kukifunga unavyotaka. Kwa hivyo kuna usiku ambapo mvuke unaachiliwa angani kwa sababu hakuna wa kununua stima yake. Tumekopa, tumechimba, tumehamisha watu, halafu tunaupuliza hewani huku Mombasa meli inashusha petroli ya kesho.

Sasa ni nani angeweza kununua stima saa nane usiku? Kitu chochote kilicholala na betri. Basi la stima lililoegeshwa gereji. Nduthi. Ama zile betri za kubadilisha zilizopangwa kwa rafu zikingoja mtu wa asubuhi. Hii si ndoto: mabasi ya stima yalianza kubeba abiria Nairobi mwaka wa 2022, na pikipiki za kubadilisha betri umeziona, zile zinazopita kimya hadi unashtuka. Mwaka wa 2023 mdhibiti wa kawi akaweka bei maalum ya stima ya magari, na ile ya usiku ni nusu ya ile ya mchana. Yaani hesabu mtu amefanya. Kilichobaki ni kasi, na hapo ndipo sioni haraka.

Kwa nini hakuna haraka? Nadhani ni zile sababu za 1959 zimevaa nguo mpya. Wakati ule mafuta yalikuwa rahisi kununua. Siku hizi mafuta ni rahisi kutoza. Sehemu kubwa ya ile bei ya pampu ni ushuru na ada, na serikali imeshaizoea kama mtoto na chupa. Kila nduthi inayohamia betri ni tangi moja lisilotozwa. Hakuna waziri atakuambia hivyo wazi, lakini pesa za barabara zinatoka kwa lita, na mtu akianza kutumia yuniti badala ya lita lazima mtu aketi chini apange upya. Ni kazi ngumu na ya kuchosha, kama ile ya GDC. Inawezekana.

Majirani wanaifanya. Kigali, tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya kubeba abiria haisajiliwi kama ni ya petroli. Ethiopia ilikataza kuingiza magari ya petroli na dizeli mwaka wa 2024, na sababu yao kubwa haikuwa barafu inayoyeyuka mahali, ni dola. Wana mabwawa makubwa ya stima na hawana dola za mafuta. Ni ile hesabu yetu ya 1973, imefanywa na mtu mwingine. Unaweza kusema walikataza kwa pupa, na stima yao haijafika vijiji vingi, na utakuwa na pointi. Lakini angalau wameuliza swali.

Halafu kuna treni, na hapa wacha niseme tu, inaniuma. Reli ya kisasa ya Ethiopia hadi Djibouti, iliyozinduliwa 2016, inatumia stima. Ya Tanzania ilianza kubeba abiria Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024, ikafika Dodoma muda mfupi baadaye, na inatumia stima. Wabongo, ambao sehemu kubwa ya umeme wao imetoka kwa gesi kwa miaka mingi, wanapanda treni ya stima. Sisi wa asilimia 90, tulizindua Madaraka Express tarehe 31 Mei 2017, mkopo mkubwa kuliko yote tuliyowahi kuchukua kwa mradi mmoja, na inatumia dizeli. Tuliambiwa iliachwa nafasi ya kuiwekea stima baadaye. Hiyo baadaye bado haijafika.

Mwaka wa 2019 reli hiyo ikaongezwa kutoka Nairobi, ikateremka Bonde la Ufa, ikaishia Suswa. Siku moja ukiwa na nafasi, panda uende hadi mwisho. Utashuka katikati ya uwanda, na usipoangalia chini kutuma meseji utaona nguzo za stima zimejaa upande ule kama msitu. Hapo Suswa ndipo laini ya upepo wa Loiyangalani inaishia. Hapo ndipo laini kubwa ya kutoka Ethiopia inaishia, ile iliyoanza kutuletea stima ya mabwawa yao 2022. Na mvuke wa Olkaria, ulio nyuma tu ya vile vilima, nao una laini yake hadi hapo. Stima safi karibu yote ya upande huu wa Afrika inakutana kwa uwanja mmoja. Treni inafika hapo ikinguruma dizeli, inazungusha kichwa, inarudi Nairobi.